Nguruwe wa Kunyambua kwa Sufuria ya Presha ya Umeme: Mwongozo Kamili wa Sandwichi kwa Jiko la Nairobi

Aliyewahi kupika maharagwe Mombasa na akayapika tena Limuru anajua jambo ambalo mapishi mengi ya mtandaoni hayasemi: kadiri unavyopanda juu, ndivyo chakula kinavyochelewa kuiva. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Wengi hudhani sufuria ya presha imeshamaliza tatizo hilo. Imelipunguza tu. Sufuria hizi huongeza presha juu ya ile ya hewa iliyopo nje, na hewa ya huku kwetu ni nyepesi. Ile inayofika nyuzi 115 pale Likoni, ikiletwa Kasarani itaishia 112 au karibu na hapo.

Mara ya kwanza nilipopika nguruwe wa kunyambua nilifuata maelezo ya mpishi wa ng'ambo dakika kwa dakika. Wageni walikuwa wameketi, mikate imeshapashwa moto, nami nikafungua mfuniko nikakuta nyama iliyoiva vizuri, tamu, lakini isiyokubali kunyambuka. Ilibidi niikate kwa kisu. Nimeipika mara nyingi tangu siku hiyo, na nikiulizwa siri ni nini, jibu langu ni fupi: ongeza dakika moja kwa kila dakika nne ulizoandikiwa, kisha iache presha ishuke yenyewe. Mengine yote yaliyomo humu ni ya kuongeza utamu.

Chakula chenyewe kilizaliwa kusini mwa Marekani. Huko bega zima la nguruwe huwekwa juu ya moshi wa kuni, moto mdogo, saa kumi na zaidi, mpaka nyama iachane na mfupa kwa kuguswa tu. Kila eneo lina mchuzi wake. Mashariki mwa North Carolina hutumia siki na pilipili bila mapambo mengi, South Carolina wanajulikana kwa haradali, na Memphis wanapenda nyanya zenye utamu wa sukari. Sufuria ya presha itakupa ulaini ule kwa muda usiofika saa mbili. Moshi haiwezi kukupa, ila huo tutautafuta kwa kipande cha mkaa, na nitaeleza namna yake tukifika hapo.

Nyama: bega, wala si kwingine

Bega la nguruwe ni msuli wa kazi. Mnyama husimama na kutembea nao kutwa, kwa hiyo ndani yake mna utando na kano nyingi zinazoshikilia nyuzi za nyama pamoja. Kitu kinachozifanya kano hizo ziwe ngumu huitwa kolajeni. Ikipata joto na unyevu kwa muda wa kutosha, huyeyuka ikawa jelatini, ule ulaini unaonata midomoni unapokunywa supu ya kwato. Hapo nyuzi hukosa cha kuzishika, zikaachana. Steki ya mgongoni haina kolajeni ya maana wala mafuta ya ndani. Ukiitia kwenye presha kwa saa moja itatoka kavu kama vumbi la mbao, hata uiogeshe kwa mchuzi namna gani. Mguu wa nyuma si mbaya, ila mafuta yake ni machache. Mimi hurudi kwa bega kila mara.

Kulipata kunahitaji maneno mawili matatu na muuza nyama. Bucha nyingi za nguruwe, kuanzia Kinoo hadi Kikuyu na upande wa Ruaka na Kiambu, zimezoea wateja wa choma na wa kukaanga, na panga huanza kazi kabla hujamaliza kusema kilo ngapi. Sema mapema: "Kaka, nipimie mkono wa mbele, hapa juu kwenye bega. Kipande kizima, tafadhali, nitakata mwenyewe nyumbani." Akikuuliza kama ni ya choma au ya kukaanga, mwambie ni ya presha, ataelewa. Mwombe pia aondoe ngozi, abakishe mafuta ya unene wa nusu sentimita. Ngozi usiiache dukani, kwani ikikaangwa polepole hutoa mafuta mazuri ya kupikia.

Kabla ya kulipa, angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama. Nguruwe anaweza kubeba viluwiluwi vya tegu, navyo huonekana ndani ya msuli kama vijipunje vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Ukiviona, rudisha nyama hiyo bila aibu. Nyama nzuri ina rangi ya waridi iliyokolea kidogo, mafuta meupe, na haitoi maji mengi kwenye karatasi.

Nunua kilo 2 zenye mfupa. Baada ya kuondoa mfupa na kupikwa, utabaki na zaidi kidogo ya kilo moja ya nyama iliyonyambuliwa, na hiyo inatosha sandwichi tisa au kumi zilizojaa.

Utakavyohitaji

Sufuria ya presha ya umeme ya lita 6. Ichomeke moja kwa moja ukutani, maana waya mwembamba wa kuongezea huchemka ukibeba wati 1,000 kwa muda mrefu.

Kwa nyama: chumvi kijiko kikubwa kimoja kisichofurika, paprika iliyofukizwa moshi vijiko vikubwa viwili, jira ya kusaga kijiko cha chai, pilipili manga kijiko cha chai, pilipili kali ya unga nusu kijiko cha chai. Vitunguu maji viwili, vitunguu saumu punje sita, siki robo kikombe, maji kikombe kasoro kidogo, na mafuta ya kukaangia.

Kwa mchuzi wa kupaka: ukwaju gramu 60, sukari nguru gramu 80, nyanya nzito ya kopo au ya kifuko gramu 70, siki vijiko vikubwa viwili, haradali kijiko kikubwa kimoja, vitunguu saumu punje tatu, pilipili na chumvi.

Kwa kupangia: mikate ya baga kumi, nusu ya kabichi ndogo, karoti moja, ndimu, na siagi.

Utaona sukari haimo kwenye viungo vya nyama, na nyanya haiingii sufuriani. Nimezitenga kwa makusudi. Vyote viwili hushika chini ya sufuria, mashine ikahisi joto limezidi na kujizima kabla presha haijajaa. Mapishi mengi hukuambia umimine mchuzi wote tangu mwanzo, na hapo ndipo watu wengi wanaponasa.

Kukolea na kukaanga

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, kata nyama vipande sita hadi nane, kila kimoja kama ngumi ya mtu mzima. Usikate vidogo zaidi, kwa sababu urefu wa uzi utakaonyambua hauwezi kuzidi urefu wa kipande, na nyuzi fupi hubaki makombo ndani ya mkate. Usiache bega zima pia: joto huchelewa kufika katikati, na muda utahitaji kuongezwa sana. Changanya viungo vikavu, vipake kila upande, funika na uweke kwenye friji. Chumvi inahitaji saa nyingi ili iingie ndani. Kama huna usiku, hata saa moja ni bora kuliko kutopaka kabisa.

Siku yenyewe, toa nyama nusu saa kabla. Washa kitufe cha kukaangia, subiri chini pawe moto kabisa, tia vijiko viwili vya mafuta, kisha weka vipande vitatu au vinne tu. Sufuria hizi hazina moto mkali kama wa gesi. Ukijaza vipande vyote mara moja, nyama itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Acha upande mmoja dakika nne bila kuugusa hadi uwe kahawia iliyokolea, geuza, endelea, kisha weka vipande vilivyobaki. Nikiwa na haraka hukaanga kwenye kikaangio cha chuma juu ya gesi, na kusema kweli rangi hutoka nzuri zaidi.

Toa nyama. Tia vitunguu maji vilivyokatwa vipande vinene, kaanga hadi vilegee, kisha vitunguu saumu kwa nusu dakika. Sasa mimina siki na maji, chukua mwiko wa mbao ukwangue chini mpaka usihisi kitu chochote kilichoshika. Usiruke hatua hii. Ile kahawia ya chini ndiyo ladha ya mchuzi wako, na pia ndiyo itakayoungua usipoikwangua. Zima kitufe cha kukaangia.

Usihofu kwamba maji ni machache. Nyama yenyewe itatoa mengi, na ukifungua utakuta yameongezeka sana.

Presha

Rudisha nyama pamoja na majimaji yaliyotiririka kwenye sahani. Kagua mpira wa mfuniko kama umekaa sawa kote, funga, elekeza valvu mahali pa kufungwa, chagua presha ya juu na uweke dakika 75. Mapishi ya mahali pa chini kama Mombasa yangekuambia 60 kwa vipande vya ukubwa huu. Dakika 15 hizo za ziada ndizo ushuru wa kuishi juu huku. Ukiwa Limuru, weka 80. Hesabu ya saa haianzi hadi presha ijae, na kujaa huchukua kama dakika 15, kwa hiyo waambie wageni waje saa mbili na nusu baada ya hapo.

Dakika zikiisha, zima kabisa ili isibaki kwenye hali ya kuhifadhi joto, kisha ondoka jikoni. Usiguse valvu kwa dakika 20 hadi 25. Ukiifungua ghafla, majimaji yaliyo ndani ya nyama huchemka kwa kishindo na kutoka nje, na nyuzi hukaza palepale ulipokuwa umezilegeza kwa zaidi ya saa moja. Ukisubiri, joto lililobaki linaendelea kuyeyusha kano za mwisho. Muda ukipita, sukuma valvu kwa mpini wa mwiko, uso ukiwa mbali, na sufuria isiwe chini ya kabati la ukutani, maana mvuke huharibu mbao.

Chomeka uma kwenye kipande kikubwa kuliko vyote kisha uuzungushe kidogo. Nyuzi zikiachana bila kupingana, umefika. Zikishikilia hata kidogo, funga, rudisha kwenye presha dakika 12 nyingine, kisha iache ishuke tena. Nyama ngumu haijaharibika, haijafika tu. Watu wengi hukata tamaa hapa na kusema bucha imewauzia mzee.

Stima ikipotea katikati, usifungue. Presha itashuka taratibu na nyama itaendelea kuiva kwa joto lililomo. Ikirudi upesi, weka dakika zilizobaki pamoja na tano za ziada. Ikikawia, hamishia kila kitu kwenye sufuria ya kawaida juu ya gesi, funika, moto mdogo, uendelee mpaka inyambuke. Itachukua saa moja au mbili, lakini mlo hautapotea.

Mchuzi, wakati presha ikifanya kazi

Huko Marekani weusi wa mchuzi hutokana na molasi. Hapa molasi inayopatikana kwa wingi ni ya maduka ya dawa za mifugo, ambayo ni chakula cha ng'ombe na haikutayarishwa kwa ajili ya mtu. Iache. Sukari nguru ina weusi uleule na harufu ya miwa iliyochomwa, na ukwaju una uchachu mpana ambao siki peke yake haina. Nadhani mchuzi huu unamfaa nguruwe kuliko ule wa chupa, na sisemi hivyo kwa kujipendelea.

Loweka ukwaju kwenye maji moto kikombe kimoja kasoro robo, dakika 20, ukaukamue na kuuchuja. Kaanga vitunguu saumu vilivyopondwa kwa mafuta kidogo, tia nyanya nzito uikaange dakika mbili hadi rangi ikolee, kisha ukwaju, sukari nguru iliyokwanguliwa, siki, haradali, pilipili na chumvi. Moto mdogo, dakika 15, ukikoroga, mpaka mchuzi ushikilie mgongo wa kijiko. Onja. Unatakiwa kuwa mkali na mchachu kupita unavyopenda, kwa sababu utakutana na nyama yenye mafuta na mkate mtamu.

Kunyambua

Toa nyama uweke kwenye sinia, iache ipoe dakika kumi. Majimaji ya sufuriani yamimine kwenye jagi. Mafuta yataelea juu. Yaengue kwa upawa uyahifadhi, yatakuwa na kazi. Rudisha supu iliyobaki sufuriani, washa kitufe cha kukaangia na ichemke bila mfuniko mpaka ibaki nusu. Ndani yake mna jelatini yote iliyoyeyuka, na ndiyo itakayoifanya nyama ing'ae.

Shika uma mbili, moja itulize kipande, nyingine ivute kufuata nyuzi. Ondoa mafuta mazito na kano zilizogoma kuyeyuka. Usinyambue hadi nyama iwe kama pamba, bali bakiza vipande vinene huku na huku ili jino lipate cha kukutana nacho. Mimina nusu kikombe cha supu nzito na nusu ya mchuzi wa ukwaju, changanya polepole, subiri dakika tano uone nyama imenywa kiasi gani, kisha ongeza ukipenda. Iwe na unyevu, isiogelee, la sivyo mkate utalowa kabla haujafika mdomoni.

Sasa moshi. Wahindi wana namna yao ya zamani waiitayo dhungar, na jikoni kwangu haijawahi kuniangusha. Washa kipande kimoja cha mkaa wa kuni hadi kiwe chekundu pote. Tengeneza shimo katikati ya nyama kwenye sufuria ya kawaida, weka bakuli dogo la chuma, tia mkaa ndani, kisha dondoshea kijiko cha chai cha yale mafuta ya nguruwe. Moshi utaruka papo hapo. Funika kwa haraka na uache dakika tano. Ukizidisha kumi, ladha inageuka chungu. Fungua dirisha, usitumie mkaa uliomwagiwa mafuta ya taa, na ukimaliza uuzamishe majini.

Kuna hatua moja zaidi ambayo unaweza kuiruka, ingawa mimi siiruki kamwe. Chukua theluthi moja ya nyama, itandaze kwenye kikaangio cha moto chenye mafuta yale yale, uiache mpaka kingo zikauke na kuwa kahawia. Ichanganye na iliyobaki. Nyama ya presha ni laini kila mahali, na ulaini mtupu huchosha mdomo. Kingo hizo hukumbusha choma.

Kupanga sandwichi

Kata kabichi nyembamba uwezavyo, kama ya kachumbari, na karoti iliyokwanguliwa. Nyunyizia chumvi, ndimu na kijiko cha siki, fikicha kwa mkono, iache dakika kumi, kisha kamua maji. Wengine hutia mayonezi. Mimi naona nguruwe ameshaleta mafuta ya kutosha, na kabichi kazi yake ni kuyakata.

Pasua mikate, paka siagi upande wa ndani, uilaze kwenye kikaangio hadi iwe ya dhahabu. Siagi iliyokaangika huzuia mchuzi usipenye mkate upesi. Weka nyama ya kujaza kiganja, kijiko cha mchuzi wa ukwaju, kabichi juu, funika, ubonyeze kidogo. Ile mapema.

Ukiwa na mgeni Muislamu au Msabato, mpikie ya ng'ombe tangu mwanzo. Kidari au bega la ng'ombe hunyambuka vilevile kwa viungo hivihivi, ila kwa dakika 85 hadi 90. Tumia sufuria ambayo haijaingia nguruwe. Usidhani kuiosha kunatosha, na umwambie ukweli wa kilichopikwa humo.

Mpira wa mfuniko hushika harufu hata baada ya sabuni. Nunua wa pili, mmoja uwe wa nyama na mwingine wa wali na maharagwe. Loweka wa nyama kwenye maji na siki usiku mmoja, kisha uuanike hewani.

Nyama iliyobaki iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu ilipotoka motoni, ikiwa na kijiko cha supu yake ili isikauke. Itakaa siku tatu, au miezi miwili ikigandishwa kwenye vifuko vya kutosha mlo mmoja. Ipashe kwenye kikaangio kilichofunikwa hadi ifuke mvuke kote. Jumatatu asubuhi mimi huikunja ndani ya chapati ya jana pamoja na dania na pilipili mbichi.